Kutoka Tanga hadi Lushoto kwa Gari la Zamani: Jiandaeni kwa Mteremko

Kila tunapopanga msafara wa mwisho wa juma kutoka Tanga kwenda Lushoto, wanachama wapya wa klabu yetu ya magari ya zamani huniuliza kuhusu kupanda mlima: je, Volkswagen yenye injini ndogo itafika, je, Peugeot 404 haitachemsha kabla ya Soni, mji mdogo ulio njiani? Maswali hayo ni ya msingi, lakini miaka niliyoongoza misafara hii imenifundisha kuihofia zaidi safari ya kurudi. Gari lililoshindwa kupanda husogezwa pembeni likapozwa, ilhali lililoshindwa kusimama wakati wa kushuka humwachia dereva nafasi ndogo mno ya kujiokoa.

Barabara ya kutoka Mombo, mji ulio chini ya mlima, inapanda kiasi cha kilomita 30 hivi hadi Lushoto, mji ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa kona kali zenye mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, na humo tunapishana na mabasi na malori ya mboga. Mengi ya magari tunayoyatunza, zikiwemo Land Rover za Series, yana breki za dramu, yaani breki shuu (viatu vya breki) husukumwa kukandamiza ndani ya dramu inayozunguka na gurudumu. Breki za aina hiyo zikikanyagwa mfululizo hupata moto, dramu hutanuka na kujitenga na breki shuu, na pedali huzidi kushuka bila gari kupungua mwendo ipasavyo. Mafuta ya breki nayo yana udhaifu wake, kwa kuwa hufyonza unyevu, na sisi watu wa pwani tunaishi katika hewa yenye unyevu mwaka mzima. Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishafyonza maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu nyuzi 140. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke, na kwa kuwa mvuke hubonyea, pedali huzama hadi sakafuni. Niliwahi kumwona mzee mmoja wa klabu akipatwa na hali hiyo chini kidogo ya Soni. Aliokolewa na utulivu wake na gia ya pili aliyokuwa ameshaiingiza.

Kwa hiyo, wiki moja kabla ya safari, mwambieni fundi amwage mafuta yote ya zamani ya breki, aweke mapya na kutoa hewa katika kila gurudumu, kisha afungue dramu na kukagua unene wa breki shuu na uvujaji wa silinda. Siridhiki na fundi anayeongeza mafuta kwenye kikopo tu na kusema gari liko tayari. Wakati wa kushuka, tumieni gia ileile ambayo gari lingehitaji kupandia mahali hapo, na iingizeni kabla mteremko haujaanza. Breki ikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha iachiwe ipoe. Kuweka nyutro ili kuokoa petroli katika barabara hii ni hatari kubwa, na dereva anayefanya hivyo hastahili kuendelea na msafara.

Tairi nazo zinahitaji uangalifu, hasa za magari yanayolala gerejini muda mrefu, kwa sababu mpira huzeeka hata kama kashata zake bado ni nzima. Tazameni tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi; ndizo tarehe ya kutengenezwa: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kuhusu kupanda sina mengi. Pumzikeni Mombo injini zipoe, kagueni maji na mkanda wa feni, na msifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Gari la kabureta likizima kwa sababu petroli imegeuka mvuke kwenye paipu, kitambaa kilicholoweshwa maji kikifungwa kwenye paipu na pampu mara nyingi hulirudisha barabarani.

Wapo wanaonikumbusha kwamba Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, wakitaka kuonyesha kwamba gari hilo halihitaji kubembelezwa. Ushindi huo ni wa kujivunia, lakini yeye aliendesha gari lililokuwa jipya katika mashindano ya mwendo. Sisi tunasafiri na magari yenye zaidi ya miaka 50, na lengo letu ni yote kurejea. Ndiyo maana gari lenye mwendo mdogo kuliko yote hutangulia, na fundi mwenye spana, na vipuri vya akiba vya kuwashia injini (plagi, platini na kondensa) hukaa nyuma ya wote.

Jumapili tuondoke Lushoto asubuhi, umande ukishakauka barabarani. Kati ya Mombo na Segera tutakuwa kwenye barabara kuu yenye mabasi na malori mengi, na taa za magari yetu ni hafifu, kwa hiyo kila gari liwe limeshaingia Tanga kabla ya saa kumi na mbili jioni.