Wadogo zangu mnaotaka kuingia kwenye vencha, anzeni na miguu

Tangu niongee na wanafunzi pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, napata meseji nyingi zinazofanana: nina laki tano, nina milioni mbili, naanzaje vencha, yaani kuwekeza kwenye startapu, kampuni changa zinazotarajiwa kukua haraka, na mimi nijulikane kama hao vijana tunaowasikia Nairobi na Lagos. Nimekua najibu mmoja mmoja, sasa nimeona niandike yote sehemu moja, na naomba msome taratibu maana kuna mambo humu mimi nimeyalipia hela.

Kwanza ondoeni hii dhana kwamba kijana anajulikana kwenye hii kazi kwa sababu ya hela. Hela yako ni ndogo na itabaki ndogo kwa muda mrefu, jina huna, mjomba kwenye benki huna. Ulichonacho ni muda na miguu. Mkubwa wa mfuko wa uwekezaji anayekaa Masaki, Dar, hawezi kupanda daladala ya kwenda Mpunguzi akashinda shambani na wakulima wa zabibu siku tatu, wewe unaweza, na ukirudi unajua kitu ambacho yeye hakijui. Hapo ndo thamani yako inapoanzia.

Nawapa mfano wa mtu. Arthur Rock, mwaka 1957 alikua kijana wa miaka kama 30 hivi, ameajiriwa tu kwenye kampuni ya mambo ya fedha New York. Ikafika barua kutoka kwa mainjinia wa California waliotaka kumkimbia bosi wao waende kufanya kazi pamoja kwingine. Yeye na bosi wake wakasafiri kwenda kuwaona, wakawashauri waanzishe kampuni yao, alafu Rock akaanza kubisha hodi kutafuta mtaji, kampuni zaidi ya 30 zikakataa, mpaka Sherman Fairchild akakubali na ndo ikazaliwa Fairchild Semiconductor. Miaka 11 baadae wawili kati ya wale mainjinia walipoanzisha Intel walimpigia nani awatafutie hela? Yeye. Na ile ya kwanza hela haikua ya kwake jamani, alichotoa ni safari na simu na kuvumilia kuambiwa hapana.

Sasa kosa langu. Mradi wangu wa pili ulikua wa vijana wawili waliotaka kuunganisha wakulima wa alizeti, wa huku kwetu Dodoma na wa Singida, na viwanda vya kukamua mafuta, kupitia simu. Pichi deki, yaani slaidi za kuelezea biashara kwa wawekezaji, safi, Excel safi, watu elfu nne wameshapakua programu. Tulikua kikundi cha watu sita tukaweka milioni sita, na mimi ndo nilipewa kazi ya kuchunguza, nikachunguza nikiwa nimekaa mjini Area D na laptop. Sikwenda kijijini hata siku moja. Hela ilipoanza kuisha ndo nikaenda, na jibu nililipata kwa mama mmoja ndani ya dakika kumi: dalali anakuja na mizani na cash, anapima gunia analipa palepale, nyie mnanilipa baada ya wiki tatu na mtoto anadaiwa michango shuleni sasa hivi. Basi. Wale elfu nne walipakua kweli ila waliouza kupitia ile programu zaidi ya mara moja hawakufika hamsini. Mpaka leo naumia kwamba nauli ya kwenda na kurudi ingetosha kulijua hilo.

Na sisi watu wa kanda ya kati ndo hatupaswi kabisa kurudia kosa la aina hii maana kumbukumbu yake iko hapo Kongwa. Serikali ya Uingereza ilikuja na mpango wa kulima karanga Tanganyika, lengo zaidi ya ekari milioni 3, watu waliotumwa kukagua 1946 walizunguka kwa wiki chache tu, 1947 matrekta yakaanza kung'oa vichaka na mibuyu. Mvua haikutosha, na ule udongo wa mfinyanzi jua likishaupiga unakua kama saruji, karanga iko chini huwezi kuitoa. Mwanzoni mwa 1951 wakaufuta, pauni zaidi ya milioni 30 zimepotea. Wagogo waliokua wakilima mtama na uwele eneo lile walijua mvua ya pale ikoje. Ukimaliza kusoma deki ya mtu jiulize ni nani huku chini anajua mvua ya hii biashara, alafu mtafute kabla hujatoa hela.

Kwa hiyo nikienda kukagua siku hizi siulizi wangapi wamepakua. Naomba kuona miamala ya lipa namba ya miezi sita, naangalia mteja wa Januari kama bado yupo Juni. Alafu naenda kukaa na wateja watano ambao mwanzilishi hakunichagulia yeye, hii ni muhimu sana, maana wale wa kwenye orodha yake wote watasifia.

Hesabu nayo muielewe. Tuseme umeweka milioni moja moja kwenye kampuni kumi, sita zikafa, tatu zikakurudishia hela yako tu. Hiyo moja iliyobaki inabidi irudishe mara saba ili wewe uwe hujapata wala hujapoteza! Ndo maana duka zuri la vifaa vya ujenzi pale Majengo linaweza kua biashara bora kabisa na bado lisiwe la vencha, kwa sababu ni vigumu likue mara saba, hilo mkopeshe au ingia ubia wa kawaida mgawane faida kila mwaka. Na hela yako inaweza kukaa miaka saba, miaka kumi, mifuko mingi ya vencha imepangwa kuishi miaka kumi kabisa. Ada ya chuo ya mdogo wako usiiguse, iweke UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja.

Mtu naye mwangalie sana, kwa sababu biashara inaweza kubadilika. NALA ya Benjamin Fernandes ilianza hapa nyumbani kama programu ya kutumia pesa za simu bila intaneti, baadae ikageukia kutuma hela kutoka nje kuja Afrika, na 2024 ikachangisha dola milioni 40. Aliyetazama programu ya kwanza tu asingeiona hiyo ya pili.

Karatasi. Ukinunua hisa hakikisha mgawo wa hisa umewasilishwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, na jina lako linaonekana, "tutaweka sawa baadae" usiikubali hata kwa rafiki, nimeona urafiki wa miaka mingi ukifia hapo. Kama ni mkataba wa hela kugeuka hisa baadae, ile SAFE iliyoletwa na Y Combinator 2013, soma kikomo cha thamani ni kipi, yaani thamani ya juu kabisa ya kampuni itakayotumika kuhesabu hisa zako. Na jua fungu lako litapungua: una hisa 100 kati ya 1,000 ni asilimia 10, akija mwekezaji mpya zikatolewa hisa 250 zingine, wewe sasa una 100 kati ya 1,250, asilimia 8. Hujaibiwa, ndivyo inavyokwenda, ila jua kabla.

Mkichanga marafiki mnaofahamiana sawa, andikeni makubaliano. Ila kuanza kutangaza kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba watu wasiokujua wakutumie hela uwawekezee, hapana, hiyo inahitaji leseni ya CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, na mwenzako anaweza kupoteza akiba ya maisha yake.

Lingine ambalo hamniulizi, mkikataa mradi mwambieni mwanzilishi mapema na sababu ya kweli. Nilishamzungusha kijana mmoja miezi miwili na "tunaangalia", akawa hatafuti kwingine ananisubiri mimi, mishahara ya watu wake ikamshinda. Niliomba msamaha akanisamehe ila ile miezi miwili sikuweza kumrudishia.

Mavuno ya pili ya zabibu yanaanza Agosti. Mwenye wazo lolote la kuhifadhi, kusafirisha au kusindika, asinitumie deki kwanza, aende Hombolo au Mpunguzi mavuno yakianza, ahesabu kreti zinazooza, aulize bei ya asubuhi na bei ya jioni, alafu anitumie hizo namba hata kwa voisi. Nitasikiliza zote.