Uliza Anti wa Sheria: Shemeji anataka kihamba na mimi sina hela ya wakili

Shikamoo Anti. Naandika toka Kibosho. Mume wangu alifariki mwaka juzi, kaniachia watoto watatu na kihamba, yaani shamba la urithi la Kichagga, alichopewa na baba yake, kahawa na migomba, na nyumba tumejenga humo humo. Sasa shemeji mkubwa anasema mwanamke hana kihamba, akanipeleka Baraza la Kata wakaandika karatasi eti shamba ni la ukoo niondoke ndani ya siku 14. Wakili wa mjini anataka nianze na milioni moja na nusu, mimi nauza ndizi Mbuyuni. Nifanyeje? (Mama Watatu)

Marahaba mama, pole sana. Kwanza usihame, watu wengi wanashindwa kesi kwa sababu walifunga virago kabla hata hawajaitwa jina mahakamani.

Hiyo karatasi sio hukumu. Toka sheria ilipobadilishwa 2021 Baraza la Kata haliamui tena kesi za ardhi, kazi yake imebaki kusuluhisha tu, likishindwa ndani ya siku 30 anayelalamika anaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo kukuambia uondoke hawana uwezo huo, sijui kama walisahau au shemeji ana rafiki pale, ila karatasi itunze vizuri utaionyesha.

Halafu kuna kitu hujaandika na mimi ndio kinanitia wasiwasi, mirathi mmefungua? Kama bado, ugomvi wako unaanzia hapo maana hiyo ni mali ya marehemu na anatakiwa msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na msimamizi unaweza kuwa wewe. Utaambiwa bila muhtasari wa kikao cha ukoo huwezi. Ni utaratibu tuliouzoea, kikao kinasaidia lakini ukoo ukigoma kukaa sio mwisho wa safari, unaieleza mahakama. (Na vikao vyetu hivi tunajua, anayeleta mbege, pombe yetu ya ndizi, ndiye anayesikilizwa.) Wengi huku wanafungua Mahakama ya Mwanzo, ila kama ndoa yenu ni ya kanisani huwa kuna ubishi mahakama ipi inahusika, ndio maana nataka mtu wa sheria aangalie kabla hujajaza fomu yoyote.

Mtu huyo ni bure. Pale Moshi mjini kuna KWIECO, shirika la kutetea haki za wanawake, wapo toka 1987 na mambo ya wajane na ardhi ndio kazi yao ya kila siku. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamlenga mtu kama wewe asiye na uwezo wa kumlipa wakili. Nenda na cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, ile karatasi ya Kata, na barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali yako. Nenda asubuhi na mapema, foleni ipo. Wakiona kesi inahitaji wakili wa kusimama mahakamani watakuambia, na mkifika kwenye ada za mahakama uliza kuhusu kuomba kusamehewa, hilo lipo watu hawaulizi tu.

Na hilo la mwanamke hana kihamba, mwambie shemeji kwa upole kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kifungu cha 20 inasema mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Tena kabla ya hapo, 1990, Mahakama Kuu Mwanza ilishaamua kesi ya mama mmoja wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake, mpwa wake akaja na mila akashindwa. Akibisha muachie, msibishane shambani.

*

Anti mambo, mimi ni mhudumu wa hoteli huku Sakina, nimefukuzwa wiki tatu zilizopita bila barua. Nasubiri kampeni ya wanasheria wa bure ije tena Arusha niwaone, ni sawa?

Sio sawa hata kidogo! Malalamiko ya kufukuzwa kazi yanatakiwa yafike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hii tunayoita CMA, ndani ya siku 30, wewe umebakiwa na siku chache. Nenda kesho uchukue fomu namba moja, ujaze, nakala umpe mwajiri asaini kapokea, urudishe. Ada hakuna na kwenye usuluhishi unaweza kujisemea mwenyewe. Kampeni ikija utakuwa tayari una namba ya kesi.

*

Hivi siwezi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika, ile ya haki za binadamu, si iko hapa hapa Arusha kwenye majengo ya TANAPA?

Kuwa jirani hakusaidii ndugu yangu. Tanzania ilijitoa 2019 kwenye ile ruhusa ya mtu binafsi kufungua kesi pale, ikaanza kufanya kazi mwaka uliofuata. Anzia mahakama za kwetu.

*

Msaidizi wa kisheria mtaani kwetu Pasua kachukua elfu hamsini ya "kufungua faili" na kasema atanisimamia mahakamani.

Yote mawili hayaruhusiwi. Msaidizi wa kisheria anakuelekeza, anakusaidia kuandika, anawapatanisha, lakini hasimami mahakamani kama wakili na hachukui hela. Mimi mwenyewe ni msaidizi wa kisheria, miaka yote hiyo nimepewa ndizi tu na hata hizo naonaga aibu. Nenda ofisi ya maendeleo ya jamii halmashauri, uliza kama huyo mtu amesajiliwa, peleka malalamiko kwa maandishi. Risiti najua hakukupa, ila kama ulimtumia kwa simu ile meseji ya muamala usiifute.