Mkienda Disney na wakwe, msitembee kama msafara mmoja

Dada mleta mada, kama nimekuelewa, mnakwenda Walt Disney World, zile bustani za michezo kule Florida, Marekani, na wakwe, wifi yako na mumewe, na watoto wa kila rika, na hata tiketi hazijakatwa watu wameshaanza kununiana. Sisi tulikwenda na kundi la namna hiyo tukarudi bado tunaongea, kwa hiyo nakupa niliyoyaona.

Kubwa kuliko yote: msilazimishane kuwa pamoja kutwa nzima. Magomvi niliyoyaona kule, ya kwetu na ya waliokuwa mbele yetu kwenye foleni, hayakutokana na chuki. Kijana anataka Space Mountain, treni ya kasi ya gizani, mdogo wake anataka kumkumbatia Mickey, babu anataka kiti. Ukiwaburuta wote kwa mwendo mmoja, hakuna atakayepata anachotaka, na kila mmoja atamwona mwenzake ndiye aliyemharibia siku. Sisi tulikubaliana mambo mawili tu ya pamoja kwa siku, chakula cha mchana na fataki za usiku. Muda mwingine wote kila mtu na wenzake. Mtoto aliyefikisha miaka 14 anaruhusiwa kuingia bila mtu mzima, kwa hiyo vijana wenu wapeni simu yenye chaji na saa ya kukutana, muwaache. Wakiachiwa wanakuwa watu wazuri ajabu.

Kuhusu wadogo, wapimeni urefu nyumbani kabla hamjaahidi chochote. Space Mountain inataka sentimita 112, TRON, treni nyingine ya kasi, inataka 122, treni ya migodi ya wale vibeti saba wa Snow White 97. Wafanyakazi wanapima mlangoni na hawabembelezeki. Mtoto aliyesikia sifa za mchezo kutoka kwa binamu zake kisha akarudishwa atalia, na kilio chake hugeuka haraka kuwa ugomvi wa mama zao. Mkifika kwenye mchezo ambao mdogo haruhusiwi, ulizeni Rider Switch: mzazi mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, halafu wanabadilishana bila yule wa pili kuanza foleni upya. Ni bure.

Ambacho si bure ni Lightning Lane, ile njia ya kupunguza foleni. Hapa ndipo familia zinapopasuka. Shemeji aliyewahi kwenda zamani atakuambia hailipiwi, na hadanganyi, kwa sababu FastPass, njia ya kupunguza foleni ya wakati ule, ilikuwa bure. Huduma ya kulipia ilikuja 2021, na bei hupanda na kushuka kulingana na siku. Amueni mkiwa nyumbani: kila kaya inajilipia, au hakuna anayenunua. Kuanza kujadili pesa juani, mbele ya watoto, huku wengine wakipita pembeni wanacheka, ni kutafuta maneno.

Sasa wazee. Mama mkwe wangu hasemi amechoka, ananyamaza tu, na ukimya wake kila mtu anautafsiri anavyojua. Nilijifunza kujisingizia mimi: "Mama, miguu inaniuma, tukae kidogo." Anakubali mara moja, tena ananionea huruma. Kigari cha PeopleMover, kwenye sehemu ya bustani inayoitwa Tomorrowland, kinawafaa sana, unakaa tu kwenye kivuli kinakuzungusha taratibu. Viti vya magurudumu vya kukodi vipo pia, ila mwachie mzee mwenyewe aamue. Ukimwagizia bila kumuuliza umemwita mgonjwa.

Kama mnakwenda kiangazi cha kule, mchana pana joto la kutoa jasho ukiwa umesimama, na mara nyingi alasiri radi hupiga na michezo ya nje husimamishwa. Rudini hotelini saa hizo, watoto walale, mje tena jioni. Chakula na vitafunio vya kwenu mnaruhusiwa kuingia navyo, msisubiri mtu aseme ana njaa, maana akisema ujue alishakasirika zamani.

Na yule mume wa wifi yako anayetaka wote mwamke alfajiri: mwacheni aende. Mkilala kwenye hoteli za Disney mnaruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya wengine, na foleni za mwanzo ni fupi kweli, hapo hajakosea. Aende na wanaopenda kukimbia. Ninyi wengine nyweni chai mkutane naye mchana, na akianza kuhesabu michezo aliyopanda, msifuni.