Mdogo wangu wa Ngarenaro, usichukue huo mkopo wa pili

Usichukue. Nimesoma ulichoandika usiku huu, nikarudia. Wiki ya tano huna usingizi, moyo unakwenda mbio, mumeo ni mgumu, mbeba mizigo ya watalii mlimani, na safari zimekatika tangu mvua ianze, unadaiwa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa yenye rejesho la kila siku, na sasa unataka kukopa 200,000 kwenye simu "ili kichwa kitulie." Hakitulii. Nilipita hapo hapo.

Nauza mitumba soko la Memorial, Moshi. Desemba Wachaga wakipanda nyumbani kwa Krismasi, nguo nzuri haifiki jioni. Nikaupigia mwaka mzima hesabu ya Desemba. Mwisho wa Februari nikachukua 300,000, nirudishe 390,000 kwa siku 30, yaani 13,000 kila siku, Jumapili nayo imo. Mkononi nilipewa 275,000, nyingine wakasema ni ya fomu na bima. Masika ikafungua, matope mpaka chini ya meza, kutwa nzima nauza 8,000.

Hapo bado ningeweza kupona. Kilichonimaliza ni kukopa 200,000 kwingine ili nilipe pale, na kumficha baba watoto. Mkopo wa pili nao ulikuja na rejesho lake, 9,000 kwa siku. Nilikuwa napungukiwa 5,000 kila siku, nikaanza kupungukiwa 14,000. Piga hesabu mwenyewe uone hiyo 200,000 inakaa siku ngapi. Mimi ilikaa wiki mbili.

Afisa mikopo alikuwa anakuja na pikipiki. Ikawa kila bodaboda ikipunguza mwendo nje, tumbo linakata. Saa tisa usiku niko macho nagawanya hela ambayo sijaipata. Nilikuwa nikijificha nyuma ya marobota ya jirani, namtuma mwanangu wa miaka saba akaseme mama hayupo. Siku moja nikamsikia anamwambia mtu hivyo na mimi sijamtuma. Alikuwa ni shangazi yake, kaja kusalimia.

Na katikati ya hali hiyo nikalipa 20,000 kwenda kumsikiliza mhamasishaji ukumbini. Yule mtu siwezi kumsamehe. Alisimama na suti yake akatuambia umaskini uko kichwani, mwenye hofu ya deni hatatajirika, tubadili fikra. Ukumbi umejaa mama ntilie na wauza ndizi, watu wanaoamka saa kumi alfajiri, eti shida yao ni fikra! Hajawahi kukaa na mzigo masika. Hajaulizwa rejesho mbele ya wateja. Wiki hiyo hiyo nikachukua mkopo wa tatu, 500,000, nikijiona jasiri. Mwezi wa tano wakopeshaji wakaja na kirikuu, kile kigari cha mizigo, wakabeba cherehani na godoro la watoto. Anayeona namkosea huyo bwana aje Memorial, kiti nitampa na chai nitamnunulia, ila kauli yangu sibadilishi.

Baadaye sana ndiyo nikajua kwamba kanuni za Benki Kuu zinamfunga mkopeshaji wa aina ile asizidishe riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 300,000 hiyo ni 10,500. Mimi nilitozwa 90,000. Na hao wa kwenye simu unaowakimbilia, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Kabla hujagusa chochote, angalia kama wako hayumo.

Nilikwenda kituo cha afya kuomba dawa ya usingizi. Muuguzi hakukimbilia dawa. Aliniuliza nimekula nini jana, halafu, "Unadaiwa na nani, na nani nyumbani anajua?" Nililia mpaka foleni ikakaa kimya. Ndiyo mara ya kwanza mtu aliuliza habari ya maisha yangu badala ya akili yangu. Akaniuliza pia kama natamani kufa. Na wewe umeandika unatamani ulale usiamke. Hilo usilibebe mpaka wiki ijayo, kesho asubuhi nenda hospitali ukaliseme hivyo hivyo ulivyotuandikia.

Na deni litaje. Jumla yote, kwa sauti, mbele ya mtu mmoja wa nyumbani, kabla hujakopa hata shilingi. Usiseme "nina kadeni kadogo." Andika kila mkopeshaji, kilichobaki, na rejesho la siku, mpe karatasi asome. Mume wangu aliisoma akanyamaza muda mrefu, nikajua leo narudishwa kwetu. Kisha akauliza, "Hii ya 9,000 nayo ni kila siku?" Usiku ule nililala mpaka kukapambazuka, na hatukuwa tumelipa hata senti. Malipo yenyewe yalituchukua miezi kumi na moja. Tuliuza mbuzi, na kikoba changu kilinisikiliza baada ya mume kwenda na mimi kuongea nao.

Mumeo anabeba kilo 20 za wageni mpaka kambi ya Barafu huko Kilimanjaro, karatasi moja ataiweza. Najua safari zikikatika na yeye hana raha, pengine naye yuko macho hapo ubavuni mwako, anagawanya.

Uliuliza na mengine, la kwenda kupumzika kwa mama Rombo sijui na lipi. Tutarudi. Kwanza mwamshe. Halafu uje hapa uniandikie jumla ni ngapi.