Unga wa titani huyeyushwa au huchomwa?

Swali: Natafsiri mwongozo wa kiwanda kuhusu kutengeneza bamba la titani kutokana na unga. Nimeandika: "Unga huviringishwa, kisha huyeyushwa ili kupata bati." Mhariri amelikataa neno "huyeyushwa". Je, yuko sahihi?

Jibu: Yuko sahihi, na angeweza kukata mengine mawili.

Titani huyeyuka kwenye nyuzi 1668 za Selsiasi. Hatua unayoieleza hufanyika chini ya hapo, aghalabu kati ya 1200 na 1300, kwa saa kadhaa. Hakuna kinachogeuka uowevu: atomi huhamia pale chembe zinapogusana, chembe zikashikana, matundu yakasinyaa, na bamba likapungua kidogo. Akiyeyusha kweli, fundi atapata bonge. Mfinyanzi ana neno la kazi hii: kuchoma. Tatizo ni kwamba gereji nyingi zinapotaja kuchoma huwa na maana ya kuunga vyuma kwa moto, kwa hiyo andika "kuchoma tanurini", na usiache kutaja ombwe, yaani nafasi iliyoondolewa hewa. Titani yenye moto hufyonza oksijeni na naitrojeni ya hewani, ikawa ya kuvunjika bila kupinda na kupasuka ikibanwa tena.

"Huviringishwa" humpa msomaji picha ya mkeka unaokunjwa. Hapa unga hushuka katikati ya rola mbili zinazozunguka kinyume, ukatoka utepe. Mpishi wa chapati angesema "kusukuma", na kitendo ni kilekile, ila kiwandani mtu atadhani anaambiwa asukume mashine. Sema "hubanwa kwa rola". Utepe huo bado ni mbichi, kama chungu kabla ya moto: huvunjika mkononi, hasa kingoni, ambako unga hutoroka usibanwe sawasawa. Chembe za mviringo hazifai sana kwa kazi hii kwa kuwa huteleza. Zenye pembe hung'ang'aniana.

Bati ni la paa. Titani iwe bamba. Neno "unga" uliloliteua libaki. Poda waachie wanaojipaka.

Ningeiandika hivi: "Unga wa titani hubanwa kwa rola uwe utepe mbichi, utepe huchomwa katika tanuri la ombwe hadi chembe zishikane, kisha hubanwa na kuchomwa tena ili matundu yaliyobaki yazibe."