Barua kwa Zuhura: ile bunduki ya mbao

Mwanangu Zuhura,

Umeniuliza kama kolagadi, huko kucheza kwa muziki mkirusha bendera na bunduki za mbao, ni sanaa au ni mchezo, maana mwanao Salma anataka kuacha mpira wa wavu aingie huko, na baba yake anasema kurusha bendera si mchezo. Nitakujibu. Ila kuna jambo limenikaa moyoni, litangulie.

Unayakumbuka mashindano ya kolagadi ya Dayton, Ohio, ile Aprili ya mwaka wako wa mwisho wa sekondari? Msimu mzima wa baridi ulirudi nyumbani kiganja kimevimba, kidole gumba kimevilia damu, nami nikisema mwanangu anachezea fimbo. Siku ile nikaenda kukaa juu kabisa, mbali. Mkatandaza sakafuni turubai lenu la kuchezea, muziki ukaanza, nikaona midomo yako inahesabu. Moja mpaka nane. Moyo ukanipasuka! Ndivyo tulivyohesabu sisi kwenye halaiki, Uwanja wa Amaan, Zanzibar, jua la utosi, mwalimu na filimbi yake. Nimesema na nitasema tena: aliyefunzwa kuhesabu nane pamoja na wenzake hapotei.

Ukairusha bunduki. Ikazunguka mara 6, ikashuka, ikakuponyoka. Pa! Ukumbi mzima ukasikia mlio wa ile mbao. Wewe hukushtuka, uliinama kama vile kuinama kumo kwenye ngoma, ukaiokota, ukawaingilia wenzako kwenye hesabu ileile. Nililia. Kisha garini, Mungu anisamehe, neno la kwanza likanitoka: "Mbona umeiangusha?" Hukufungua mdomo mpaka Columbus. Linanichoma hadi leo.

Haya, sanaa au mchezo? Alama zinatolewa, muda unapimwa, jasho linatoka: mchezo. Lakini majaji wanatazama pia mwili unavyosimulia, rangi na muziki vinavyokubaliana. Basi ni sanaa. Hao Winter Guard International, waandaaji wa mashindano yale, walioanza mwaka 1977, wenyewe wanauita mchezo wa sanaa. Mwambie mkwe wangu asili yake ni jeshini, kwa walinzi wa bendera. Hapana, usimwambie, akisikia bunduki atakataa kabisa. Au mwambie tu, ukweli haufichwi.

Kuhusu kumruhusu, nilikwisha andika neno, nikalifuta. Salma ni mwanao. Ila akiingia, nipe tarehe mapema. Safari hii nitakaa chini, karibu na turubai, na garini sitauliza kitu.

Mama yako