Ringi ikigandia njiani, usiigonge nyundo

Julai Arusha ni baridi na ukungu hadi saa nne asubuhi, na ndio mwezi aliokuja mpwa wangu likizo kutoka chuo huko Marekani, na boksi la vipande vya roketi. Alikuwa anajiandaa na cheti cha daraja la kwanza cha roketi zenye nguvu kubwa, kile nilichopata mimi nilipokuwa masomoni hukohuko. "Mjomba, nataka niiunge hapa nyumbani, nikirudi niirushe," akaniambia. Nikakubali, ila kazi yote ya mikono iwe yake, kwa sababu anayeomba cheti ndiye anayetakiwa kuunda roketi yake. Mimi nilikaa kama mshauri.

Kwa msiozijua roketi hizi: zile ndogo za watoto huishia kwenye injini ya msukumo wa newton-sekunde 160. Ukivuka hapo umeingia daraja la kwanza, linalofika 640. Injini yenyewe haikuja Arusha, kwani hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria. Na hatukuwa na wazo la kurusha chochote hapa, maana kati ya uwanja wa Kisongo na KIA ndege hupita mchana kutwa. Tulichofanya ni kuunga mwili tu, kwenye karakana ya seremala rafiki yangu kule Unga Limited. Mwili huo ulitupa makosa ya kutosha kuandika haya.

Kosa kubwa lilitokea siku ya pili. Roketi yake ni bomba la karatasi ngumu la kipenyo cha inchi 4, urefu wa mita moja na nusu vikiunganishwa vipande viwili. Ndani, upande wa mkia, linakaa bomba dogo la injini la milimita 38, likishikwa na ringi mbili za plaiwudi. Kijana alipaka gundi ya mbao, akaanza kusukuma. Gundi ya mbao ina maji; karatasi ikiyanywa huvimba, na ringi iliyokuwa inateleza vizuri ikiwa kavu hunasa ghafla. Ilinasa milimita 20 kabla ya alama.

Fundi, kwa nia njema kabisa, alishanyanyua nyundo ya mbao. Nikamshika mkono. Gundi iliyoanza kushika ukiigonga unaikata ndani, na ukishaikata haiungani tena. Kwa macho utaona imeshika, kumbe imebaki unga. Tukaiacha ikauke hadi kesho yake.

Usiku ule nilimpa mpwa wangu swali ambalo ndilo kiini cha makala hii: kipande hiki kinabeba mzigo gani? Akachora. Injini inasukuma kwenda mbele, ukingo wake wa nyuma unaegemea mwisho wa bomba dogo, bomba dogo linasukuma ringi, ringi zinasukuma mwili kupitia gundi. Kwa hiyo mzigo unabebwa na uimara wa kiungo cha gundi. Kiungo kikiwa kizima, milimita 20 huku au kule hazimdhuru mtu. Kilichoharibika ni kitu kingine: ringi ya mbele sasa imeziba sehemu ya nyufa zilizokatwa kwenye bomba kubwa, ambamo ndimi za mapezi, yaani vipande vinavyochomoza kwenye shina lake, huingia kugusa bomba la injini. Basi dawa haikuwa kung'oa ringi. Dawa ilikuwa kukata milimita 20 upande wa mbele wa kila ulimi kwa msumeno mwembamba, na kuziba pengo lililobaki nyuma kwa kipande cha plaiwudi. Nusu saa ya kazi. Tungeng'oa, tungepoteza bomba zima.

Ukitaka kuepuka kosa lenyewe, tumia epoksi kwenye viungo vya kuteleza. Haina maji, na ya dakika 30 inakupa muda wa kusogeza. Dukani wakikushangaa ukisema epoksi, sema Araldite.

Epoksi nayo ina visa vyake. Tuliunga pezi la kwanza jioni, siku mbili baadaye bado linanata kama ulimbo. Kipimajoto cha karakana kilionyesha nyuzi 14. Tulidhani ni baridi, tukaweka roketi kwenye boksi pamoja na balbu ya kulelea vifaranga, umbali wa kutosha isiguse karatasi. Saa kumi baadaye, bado inanata. Hapo ndipo kijana alipokiri kwamba alikadiria vipimo kwa macho, gundi nyingi na kikausho kidogo. Baridi huchelewesha epoksi tu, na joto huirudisha kazini. Lakini mchanganyiko mbovu haukauki hata uuweke juani wiki nzima. Na hapa wengi hukosea mara ya pili: wanapaka epoksi mpya juu ya ile mbichi. Usifanye hivyo. Kwangua yote kwa kijiti cha mbao, futa kwa spiriti na kitambaa safi mpaka kitambaa kisibadilike rangi, piga msasa namba 80, kisha anza upya. Tangu siku hiyo alipima kwa mizani ya jikoni, na kila mchanganyiko aliacha kidogo kwenye kifuniko cha chupa. Kifuniko kikiwa kigumu, unajua na roketi ni ngumu, bila kuigusa.

Pezi la tatu lilikauka limeinama. Hapa lazima utofautishe, kwa sababu nimeona watu wakiharibu kazi nzuri kwa kurekebisha kisichohitaji kurekebishwa. Pezi linaweza kuegemea upande, yaani ukitazama roketi kutoka mkiani halijasimama wima kama mawili mengine. Au linaweza kuwa limekaa mshazari, mbele yake imeelekea huku na nyuma kule, kama usukani wa mtumbwi uliopindwa. La kwanza ni aibu ya macho. La pili hulazimisha roketi izunguke ikiwa angani, na hilo lirekebishwe. Tulizungushia bomba utepe wa karatasi, tukaugawa sehemu tatu za milimita 106 na ushei, tukapima kila pezi mbele na nyuma kwenye shina. Mshazari haukuwepo. Kwenye ncha lilikuwa limeegemea milimita 3. Mpwa wangu alitaka kulikata. Nikamwambia liache, ongeza epoksi ya pembeni kwenye shina kama mengine, songa mbele.

Lingekuwa mshazari, na limeshikwa na epoksi ya dakika tano peke yake, ningeazima draya ya saluni. Epoksi hiyo hulainika ikipata moto, unalinyoosha taratibu na kulishikilia mpaka ipoe. Sababu hiyohiyo ndiyo inayonifanya nisiiweke kabisa karibu na injini.

Madogo nitayapitia haraka. Tone la epoksi ndani ya bomba la injini: zungushia msasa kwenye kijiti, sugua polepole, usitumie kisu, kisu huchana karatasi. Tundu la kitufe cha reli, kile kinachoishikisha roketi kwenye reli ya kurushia, limekwenda upande: ziba kwa kijiti cha mbao na epoksi, kesho toboa jingine kwenye mstari. Tundu la kupumulia limesahaulika: toboa la milimita 3, kwa sababu roketi ikipanda hewa iliyofungiwa ndani hutanuka na inaweza kusukuma pua itoke kabla ya wakati. Pua inakaza mno: msasa. Inalegea: masking tepu kidogo kidogo, mpaka ukiinua roketi kwa pua ibebe uzito wake, lakini ukitikisa kwa nguvu iachie.

Kitu kimoja sikiwekei kiraka, nacho ni kiungo cha kamba inayoshikanisha pua, mwavuli na mwili. Kijana aliipitisha kwenye ringi na kuigundisha, gundi ikaingia kwenye nyuzi, kamba ikawa ngumu kama ukuti. Ukiikunja hapo mara kadhaa inakatika. Tuliikata, ikanunuliwa kamba mpya, kazi ikaanza mwanzo. Kiungo hicho kikiachia, pua inaanguka yenyewe na mwili unaanguka wenyewe, na chini kuna watu.

Mwisho tulipima uzito, na hapa ndipo marekebisho yote yalipodai malipo yake. Roketi yenye injini ilihesabiwa gramu 2,400. Kitovu cha uzito lazima kiwe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa, yaani pale nguvu za hewa zinapokutana kwa jumla, kwa angalau kipenyo kimoja cha bomba, milimita 102. Kwenye OpenRocket, programu ya kompyuta ya kusanifu roketi, kabla ya makosa, nafasi ilikuwa milimita 112. Lakini sasa tulikuwa na gramu 60 za epoksi na plaiwudi ya ziada mkiani, nusu mita nyuma ya kitovu cha uzito. Hizo pekee zilikirudisha nyuma milimita 12. Injini ya gramu 480 iliyokaa milimita 20 nyuma ya mahali pake iliongeza milimita 4. Nafasi ikashuka hadi 96. Roketi iliyorekebishwa kwa uangalifu wote ule ingeondoka reli ikiwa haina utulivu wa kutosha, na hakuna jicho ambalo lingeliona hilo. Tukaweka karibu gramu 50 za vipande vya chuma kwenye ncha ya pua, mita 0.8 mbele ya kitovu, tukavifunga kwa epoksi, tukapima tena kwa kuining'iniza kwenye kamba, injini tukiijumlisha kwa hesabu. Ikarudi 112.

Kila rekebisho aliliandika kwenye daftari la shule: kosa, siku, tulichofanya, gramu zilizoongezeka. Nililisisitiza hilo kwa sababu uwanjani kuna mkaguzi wa usalama anayeshika kila pezi na kulitikisa kabla ya kuruhusu roketi kwenda relini. Alipofika huko, mkaguzi alimuuliza mbona bomba la injini limechomoza. Mpwa wangu akafungua daftari, wakalisoma pamoja ukurasa kwa ukurasa, akaruhusiwa.

Picha aliyonitumia jioni ile inaonyesha roketi imelala kwenye nyasi kavu, mwavuli umetandazika pembeni, mapezi matatu yote mahali pake. La tatu bado limeegemea milimita 3.